Chujio la Khuttaifa

Niwieni radhi kabla sijaanza, maana hadithi hii nitaiboronga. Mwenye kuijua vizuri hataki kuisimulia, na aliyebaki wa kuisimulia ni mimi, mtu ambaye hata nikitangaza msiba watu hushika mbavu. Nikicheka mahali pasipochekesha, msinifuate. Nikinyamaza, hapo ndipo pa kuogopa.

Basi ilianza na kamba mmoja mdogo, yule wa baharini, asiyezidi urefu wa msumari. Alikuwa amekaa katikati ya chujio peke yake, kajikunja, mwekundu. Ameiva.

Fundi Lamjed alimnyanyua kwa koleo, akamtazama kwenye mwanga wa mlango wa sitaha. Ilikuwa Januari, hapa kwetu Bizerte, na maji ya bandari yalikuwa ya baridi ya kung'oa meno. Akanipungia nishuke ndani ya boti.

"We domo, njoo uone. Huyu kapikwa."

"Kapikwa na nani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Si wewe ndiye mlafi wa gati hii?"

"Mimi ningemtia pilipili ya harisa," nikamwambia, "halafu nisingemwacha hapo."

Tukacheka. Mimi nilikuwa mtunza stoo wa karakana, tangu kundi letu la vichekesho lilipokosa ukumbi na wenzangu wakatawanyika, na kumchekesha Lamjed ndiyo ilikuwa ajira yangu ya pili, isiyo na mshahara.

Lamjed alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye mabega ya kubebea milango. Kuanzia Bizerte mpaka Tabarka, mwenye boti kuukuu ya matanga akiona injini yake inapata homa, alimtafuta yeye. Maana injini ya boti hunywa bahari ili isiungue. Maji huingia kwa tundu lililo chini ya boti, hupita kwenye koki, hupanda kwa mpira mpaka kwenye chujio, na chujio ndilo koo: mwani, vipande vya mifuko, magamba, vyote hunaswa humo. Koo likiziba, injini hufa. Boti mpya zina machujio ya plastiki, likivunjika unatupa. Boti za zamani zina chujio la shaba, lenye gilasi nene na kifuniko cha nati mbili za masikio, na shaba hiyo huliwa na chumvi kwa ndani huku nje inang'aa kama bi harusi. Lamjed aliligonga kwa mpini wa bisibisi akasikiliza. Likilia *ting*, li hai. Likilia *tok*, limekufa, na ukilikwangua utaikuta shaba imegeuka ya waridi kama ufizi.

Mkono wake wa kulia ndio uliogonga. Ndio uliojua kukaza nati mpaka pale ringi ya mpira inapobana bila kukatika, jambo ambalo hakuweza kumfundisha mtu kwa maneno. Mke alishamfia. Alibaki na mama yake, Bi Hafsia, na mkono ule, na wote wawili walikula kwa mkono ule.

Boti yenyewe iliitwa Khuttaifa. Mwenyewe ni Sidi Raouf, mwalimu mstaafu wa jiografia, aliyewaonyesha watoto miaka thelathini mahali ilipo Sardinia na sasa alitaka kwenda kuhakikisha.

Siku moja kabla ya yule kamba, Lamjed aligundua kwamba mpira wa chini ya chujio umeota kome kwa ndani, maji yanapita kwa kuomba ruhusa. Haki yake ni kuung'oa na kuukwangua. Lakini mpira wa miaka arobaini ukiugusa unapasuka, na boti iko majini. Mafundi wa gati yetu wana njia yao. Chujio la Khuttaifa limefungwa juu kuliko usawa wa bahari. Basi unafungua kifuniko, unafungua koki, unachemsha birika la maji na siki, unalimimina humo humo. Kome wanakufa, wanaachia, wanaporomoka baharini.

Lamjed alimimina mabirika mawili. Ilikuwa adhuhuri, watu wamekwenda kula, gati kimya. La pili lilipokuwa likiteremka alisikia kitu kama mtu aliyevuta pumzi akasahau kuitoa. Akadhani ni hewa kwenye mpira. Akaosha chujio, akapaka ringi grisi, akafunga kifuniko, akafunga koki, akaenda zake.

Kwa hiyo yule kamba hakuwa na pa kuingilia. Hilo tulilikumbuka baada ya kucheka.

Kesho yake, adhuhuri tena, Lamjed aliniita kwa sauti nyingine, ile ya mtu anayeita huku hataki kusikika.

"Shuka. Polepole. Usiseme kitu."

Chumba cha injini cha Khuttaifa ni shimo chini ya ngazi. Mtu huingia kwa magoti. Harufu ilinipokea kabla ya Lamjed. Haikuwa dizeli, wala maji machafu ya ngama. Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyoungua chini ya sufuria.

Chujio lilikuwa wazi. Ndani yake mlikuwa na nywele, nyeusi, nyembamba, laini kama za mtoto wa siku saba ambaye bado hajanyolewa. Mwishoni mwa baadhi yake palikuwa na vipande vidogo vya ngozi, vyeupe, vilivyobambuka kama ngozi ya nyanya uliyoitia maji ya moto.

"Koki imefungwa?" nikanong'ona.

"Imefungwa."

"Una hakika?"

Hilo ndilo swali ambalo fundi huliona tusi. Lamjed akanitazama, akavuta mkono wa shati, na ili kunihakikishia akaingiza kidole cha shahada cha mkono wake wa kulia kwenye mdomo wa bomba chini ya chujio, apapase kama kuna maji yanayopanda, kama alivyokuwa akifanya kila siku ya Mungu kwa miaka ishirini, na nikamwona uso wake ukibadilika taratibu, kwanza mshangao, kisha kitu kinachofanana na haya, maana kilichomshika mle ndani, alivyonieleza baadaye akiwa haniangalii usoni, hakikuwa na meno wala kucha, kilikuwa kinywa kidogo, cha moto, kisicho na kitu ila fizi, na kilikuwa kikinyonya, kikinyonya kwa njaa ya mtoto aliyelia mpaka akakata tamaa kisha akapewa, na kila kilipovuta yeye alihisi kitu kikitoka begani kikiteremka kwenye mkono, na mimi niliyekuwa pembeni yake niliisikia sauti yenyewe, chwi, chwi, chwi, ikitoka kwenye shaba.

Nilimvuta kwa mkanda wa suruali. Tukaanguka wote wawili juu ya injini.

Kidole hakikuwa na jeraha. Kilikuwa cheupe, kimekunjamana, kama cha mfuaji nguo jioni ya sikukuu.

"Mpira umevuta hewa," Lamjed akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Hewa."

Jioni kidole kilikuwa bado hakijakauka. Kesho yake mkunjamano ulifika kwenye kiganja, na siku ya tatu ukafika kwenye kifundo. Akifuta kwa taulo, unalowa tena. Daktari alisema ni mishipa ya damu na baridi ya Januari, akampa malhamu. Malhamu iliteleza ikaanguka sakafuni. Na kila ilipofika adhuhuri, awe gatini, awe mkahawani, awe msikitini kwenye safu, maji yalimtoka chini ya kucha, matone matano matano, na yalikuwa ya chumvi. Wengine huogopa usiku. Lamjed alianza kuogopa jua likifika kati.

Spana ilimponyoka mara ya kwanza Jumatatu. Jumatano hakuweza kushika kijiko. Alhamisi tulikuwa stoo kwangu, akageuka ghafla, mkono ukagonga ukingo wa meza ya chuma, na sote wawili tukasikia ulivyolia.

*Tok.*

Aliketi juu ya kreti, akauweka mkono mapajani kama anaweka mzigo wa mtu, akautazama.

"Ukienda huu," akaniambia taratibu, "mimi ni nani?"

Nilikuwa na mizaha saba ya kujibu swali lile. Siku hiyo, namshukuru Mungu, niliimeza yote.

Nilimpeleka nyumbani. Bi Hafsia alikuwa jikoni anachambua dengu. Aliusikia mkono ukidondosha maji kwenye vigae kabla hajauona, na nilipomsimulia mambo yote, birika na siki na adhuhuri, akaacha dengu.

"Ulimwaga maji ya moto kwenye bomba?"

"Ndiyo, mama."

"Ulisema bismillahi?"

Lamjed akaufuta mkono kwenye suruali.

"Nakuuliza. Ulisema bismillahi, ukawapa nafasi waondoke?"

"Mama, ile ni boti. Si jiko."

Bi Hafsia akajipiga mashavu kwa viganja viwili. Hapa kwetu hakuna mwanamke amwagaye maji ya moto kwenye karo bila kutaja jina la Mungu na kungoja kidogo, maana mle bombani wale wasioonekana wana nyumba zao, na watoto wao hulala. Mama humfundisha binti yake tangu anapofika kimo cha karo. Wavulana hatufundishwi. Hatuoshi sufuria.

"Jiko, boti," Bi Hafsia akasema, "bomba ni bomba. Umemchemshia mtu mtoto wake kitandani."

Akajitanda safsari, shuka lake jeupe la kutokea, akatoka. Aliporudi alikuwa na Halati Mannana, mganga wa mtaa ambaye kila mtu humwita halati, yaani mama mdogo.

Halati Mannana ni mama mnene, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na anayeingia nyumba ya mtu kama mkaguzi wa umeme. Aliunusa mkono wa Lamjed, akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Mama mtu," akasema. "Ana uchungu. Nyinyi wanaume, bahari nzima mnaweza kuiharibu, sufuria moja hamwezi kuosha."

"Utapona, Halati?" Lamjed akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Nisikilize, mwanangu. Hajauchukua. Ameuazima. Anayo harufu ya mkono, jina hana. Hawa hawawezi kumiliki kitu cha mwanadamu bila kupewa jina lake na la mama yake. Tutamlipa fidia ya mtoto, kwa heshima. Akishapokea, atauliza mara tatu aliyemimina ni nani. Atauliza kwa ujanja. Asipojibiwa mara ya tatu, kwa sheria yao ni lazima auache mkono aende. Akijibiwa, hata mimi basi."

"Ni hilo tu? Kunyamaza?"

"Wewe unaona ni dogo." Akanigeukia mimi. "Nahitaji wawili wa kumshika. Mwalimu mwenye boti, na nani? Huyu?"

"Huyu ni rafiki yangu," Lamjed akasema.

"Huyu ni redio."

"Halati," nikamwambia, "nitanyamaza kama kaburi."

"Yapo makaburi yanayosema," akajibu.

Tulishuka ndani ya Khuttaifa siku ya Ijumaa, adhuhuri ikikaribia: Halati, Lamjed, Sidi Raouf na mimi. Bi Hafsia alikatazwa. Alibaki nyumbani na tasbihi yake. Sidi Raouf alikuwa amevaa tai. Sikumuuliza. Kila mtu huvaa anachodhani kitamlinda.

Lamjed alilala kifudifudi mbele ya chujio, mkono wa kulia umenyooshwa, kitambaa kinywani. Mimi nilimshika miguu, mwalimu mabega. Halati alifungua nati mbili, akaondoa kifuniko, akatoa kikapu cha chujio, akafungua koki. Bahari ikapumua chini yetu. Akataja jina la Mungu, akangoja, akaanza kumimina maziwa baridi yenye sukari na maji ya maua ya mchungwa, polepole, kama anayemnywesha mgonjwa. Kisha akatoa kitambaa cheupe cha kumvisha mtoto mchanga, akakiingiza ncha kwenye bomba. Kitambaa kikaanza kushuka. Hakikuanguka: kilivutwa, kwa adabu, pindo hadi pindo, mpaka kikaisha.

"Pokea pole," Halati akanong'ona kwenye shaba. "Hakujua. Pokea pole, dada yangu."

Harufu ya maziwa yaliyoungua ikajaa mpaka machozi yakatutoka. Halati akatutazama mmoja mmoja, akaweka kidole midomoni.

Mara ya kwanza sauti ilikuwa ya Bi Hafsia. Sisemi ilifanana, ilikuwa yake, na kile kikohozi chake kidogo mbele ya maneno. "Mwanangu, hebu niambie, nani alimimina yale maji?" Mwili wa Lamjed ukaruka. Aliking'ata kitambaa. Hakujibu.

Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, na hapa nawaomba mnivumilie, maana sijui kuisema bila kuirefusha: kwanza ilikuja ile chwi, chwi ya kunyonya, ikapanda kwenye mpira mpaka ikawa mkononi kwetu kabisa, ikakatika, na badala yake kikaja kilio, si cha mzimu wala cha mnyama, kilio cha mtoto wa kawaida mwenye maumivu ya kawaida, kile ambacho jirani akikisikia ukutani huacha chakula chake akasimama, na ndani ya kilio kile maneno yakaanza kuumbika, ya mtoto ambaye hakufika umri wa kusema na sasa hatafika, "Nani kaniunguza? Nani kaniunguza?", na Lamjed alikuwa akilia kwa mwili mzima chini ya mikono yetu, akitikisa kichwa, na Sidi Raouf alikuwa amefumba macho na midomo yake inahesabu nchi za Afrika kimoyomoyo ili isije ikasema kitu kingine, na mimi niliuma ulimi mpaka nikaionja damu.

Hatukujibu. Kilio kikafifia. Na mbele ya macho yangu mkono wa Lamjed ukaanza kukauka. Wallahi niliuona. Mikunjo ilinyooka kuanzia kwenye kifundo, rangi ikarudi, kidole gumba kikacheza. Lamjed akaugeuza uso kunitazama, na sijawahi kuona mtu mzima akifurahi vile huku kitambaa kiko kinywani.

Ikabaki mara moja.

Boti ikayumba kidogo kwenye kamba zake. Kisha sauti ya tatu ikaja, na haikuwa na huzuni hata chembe. Ilikuwa changamfu, yenye kujiamini, ya mtu aliyesimama mbele ya ukumbi uliojaa, anayejua watu wamelipa na wamekaa vizuri.

"Mnamjua," ikasema, "yule mpishi wa Bizerte aliyeipika bahari bila kuitia chunguni?"

Ikanyamaza.

Wasiofanya kazi ya kuchekesha hawawezi kuelewa. Kuna kimya cha msiba na kuna kimya cha usingizi, na kuna kimya kingine, kifupi, kinachokaa hewani kama kiti kilichovutwa mtu aketi. Alikipima sawasawa. Mzaha wenyewe ulikuwa mzuri. Jibu lake lilikuwa pale, limeiva, na mtu mwenye kazi yake hawezi kuliacha likaanguka chini.

"Lamjed wa Hafsia," mdomo wangu ukasema, "na wala hakutia chumvi."

Chini ya bomba kukachekwa. Kicheko kizuri, kirefu, cha mtu aliyepata alichokifuata. Kikateremka, kikateremka, na koki ikajifunga yenyewe.

Mkono wa Lamjed ukawa mweupe mpaka kwenye kiwiko, mara moja, kama taa inavyozimwa.

Halati Mannana hakunipigia kelele. Alirudisha kikapu, akafunga kifuniko, akakaza nati, akaufuta ukingo uliodondokewa na maziwa.

"Amepewa," akasema. "Kilichotolewa kwa jina hakirudi kwa maziwa."

Khuttaifa haikwenda Sardinia. Lamjed sasa hukaa upande wa jua wa karakana, mkono wake ndani ya ndoo ya maji ya bahari, maana ukitoka nje ya maji unapasuka. Bi Hafsia huja kuyabadilisha kila asubuhi. Ikifika adhuhuri vidole vile, ambavyo yeye havitumi wala havihisi, huanza kuupigapiga ubavu wa ndoo, taratibu, taratibu, kama mama anayembembeleza mtoto alale. Lamjed hugeuza uso akaangalia ukuta mpaka viishe.

Hajawahi kunilaumu kwa neno hata moja. Gatini wanamlaumu jinni, na mimi huwaacha wamlaumu. Lakini jinni aliuliza tu. Wenzangu wa jukwaani walikuwa wakinigombeza kila usiku wa onyesho kwamba nachelewa kujibu. Siku ile sikuchelewa.